Kipandikizi cha Bi Mwanamkuu

Kuna waliopewa mali na Mungu, kuna waliopewa sura, na kuna Bi Mwanamkuu wa Ilala, ambaye yeye alipewa kigelegele. Si hivi vyetu sisi vya kubahatisha. Chake kilikuwa kikitoka uani kwake, mtu aliyeko Mchikichini anajaribu kiatu cha mtumba anaacha mguu hewani na kuuliza, "Kwani nani kaolewa?" Naongeza chumvi? Kidogo tu. Waulize walioalikwa. Wali unaweza ukaungua, bwana harusi akachelewa mpaka mashangazi wakaanza kutazamana, lakini Bi Mwanamkuu akishaachia kigelegele cha kwanza, shughuli imekuwa shughuli.

Kazi yake ni kanga. Miaka thelathini na kitu sasa ana meza yake nje ya duka la Umakant huko Kariakoo, mtaa wa nyuma, si mbali na Msimbazi. Anauza doti, anakata, anapinda, na zaidi ya yote anasoma. Kanga bila maneno ni shuka, na maneno ya kanga yanataka msomaji. Mwanamke anakuja kafura, hasemi neno, Bi Mwanamkuu anamtazama usoni anajua huyu kagombana na wifi, anachomoa doti moja katikati ya lundo na kuisoma kwa mapozi. Mteja anatabasamu. Wifi kashapata jibu lake, na wala hakutukanwa mtu.

Sasa, kwenye kupinda kuna uzi, na uzi lazima ukatwe. Mkasi alikuwa nao, unaning'inia shingoni kwa kamba, lakini kabla mkono haujaufikia, meno yameshamaliza kazi. Hemlata, mke wa Umakant, alimsema miaka yote akiwa nyuma ya kaunta. "Mwanamkuu, hayo ni meno, si mkasi."

"Mkasi hupotea, shoga," alikuwa akijibu. "Meno yapotelee wapi?"

Haya. Jino la mbele likapata ufa, akapuuza. Likaanza kuuma, akalitia karafuu. Ufizi ukavimba, akasema ni upepo wa feni. Alipofika hospitali hapakuwa na cha kuokoa, likang'olewa, na mwenzake wa pembeni, ambaye ufizi ulikuwa umeshamwachia, akafuata baada ya miezi michache. Akatengenezewa mawili ya bandia, yale ya kuvua na kuvaa, na mwaka wa kwanza yalikaa kwa adabu. Lakini mfupa usio na jino hukonda. Kila mwaka ufizi ukapungua kidogo, meno yakaanza kucheza, na yeye badala ya kurudi kwa daktari akawa anayasukuma kwa ulimi huku akisoma kanga.

Yakaja kumuumbua kwenye harusi ya Hamis, kijana wa jirani. Bi harusi anatolewa, Bi Mwanamkuu akavuta pumzi, akafungua kinywa, kigelegele kikatoka, na meno yakatoka nacho. Yaliruka, jamani! Yalipita juu ya vichwa vya kina mama wa kiumeni yakatua katikati ya sinia la pilau. Shangazi mmoja mwenye njaa na asiye na miwani akayaokota, akayageuza, akaona hayana nyama, akayaweka pembeni pamoja na mifupa mingine.

Watu walicheka mpaka wakalia. Bi Mwanamkuu alicheka nao, kwa sababu ungefanyaje? Lakini usiku alipofika kwake alikaa kitandani na meno yake kwenye glasi ya maji, akaona aibu ambayo hajaiona tangu utotoni. Tangu siku hiyo kigelegele kikafa. Shughulini anakwenda, sare anavaa, anakaa nyuma karibu na masufuria, ncha ya kanga mdomoni. Akisoma kanga mezani anaisoma midomo ikiwa nusu, na wateja wanauliza, "Umesemaje?" Kula kwenyewe kukawa kwa upande mmoja, vitu laini laini, uji asubuhi na uji jioni.

Kisha binti yake wa pekee, Nasreen, akaposwa na watu wa Tanga. Posa ikajibiwa, harusi ikapangwa mwezi wa saba. Mtu angetegemea uani pale paezuliwe kwa shangwe. Mama mtu akapiga makofi mawili na kusema, "Alhamdulillahi," kama aliyearifiwa umeme umerudi.

Nasreen hakukubali. "Mama, kigelegele cha kwanza cha harusi ni cha mama wa bi harusi. Cha nani mwingine? Nimekuona ukiwatoa mabinti wa mtaa mzima kwa kigelegele. Wallahi usiponitoa mimi, sitoki ndani."

"Usiape ovyo."

"Nimeshaapa."

Anamjua mwanawe. Akiapa kaapa. Bi Mwanamkuu akakosa usingizi wiki nzima, na mwisho akamwambia Hemlata, na Hemlata, aliyekuwa akilisubiri neno hilo kwa miaka, akamshika mkono wakapanda ngazi za jengo mitaa miwili kutoka dukani, kwa binti yake Nirali, daktari wa meno.

Huyu Nirali alikulia chini ya meza ya kanga. Alipokuwa na miaka saba, jino lake la utoto lilianza kulegea, na aliyemng'oa ni Bi Mwanamkuu, kwa uzi wa kanga na ahadi ya barafu ya ukwaju.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka meno mawili yasiyoruka. Niwekee sasa hivi, nimeacha meza na Chiku."

Nirali akacheka akamlaza kwenye kiti. Akamwangalia ufizi, akamgonga gonga meno yaliyobaki, akampiga picha ya taya. Kisha akamwonyesha ile picha kwenye kioo cha kompyuta, na Bi Mwanamkuu akaona fuvu lake mwenyewe likimkenulia, akasoma dua.

"Mama, si kila mwenye pengo anahitaji kitu kikubwa," Nirali alisema. "Wako wanaotosheka na meno ya kuvua. Wako tunaowawekea daraja, jino jipya linashikiliwa na majirani zake wa pande mbili, ila hao majirani inabidi tuwachonge."

"Majirani zangu wazima."

"Ndiyo maana sitaki kuwagusa. Na ya kuvua hayakushiki tena, mfupa umepungua, unatafunia upande mmoja, unakula kama mgonjwa. Bahati yako mfupa uliobaki bado unatosha. Mtu kama wewe ndiye tunayefikiria kumwekea kipandikizi. Ni skrubu ndogo ya madini, naipanda ndani ya mfupa wa taya, pale ulipokuwa mzizi. Mfupa ukishaishika, juu yake tunafunga jino. Hilo haliruki hata ukipiga kigelegele mpaka Tanga."

"Mfupa unashika lini?"

"Miezi mitatu, minne. Wengine mpaka sita."

Bi Mwanamkuu akainuka kitini. "Mwanangu! Nasreen nilimbeba tisa, nikatoka na mtu mzima mwenye mikono na miguu. Hii sita ni ya jino?"

"Ukipanda muhogo, unaufukua kila asubuhi kuangalia mizizi?"

Akarudi kitini. Bei alipotajiwa alikohoa, lakini zamu yake ya kupokea pesa za mchezo ilikuwa imekaribia, akakubali. Kilichomchosha ni swali la mwisho, kuhusu sukari. Ndiyo, aliwahi kuambiwa anayo. Dawa? Anakunywa. Kila siku? Siku anazokumbuka. Na chai vijiko vingapi? Akamtazama Hemlata, Hemlata akatazama dirishani. Vinne. Akapimwa, sukari ikaonekana iko juu kabisa, na Nirali akaweka kalamu chini.

"Hapo sipandi kitu, mama. Kidonda kwenye sukari iliyopanda hakiponi vizuri, na mfupa utaikataa skrubu. Ishushe kwanza. Nenda kliniki ya sukari, rudi na karatasi yao."

Akarudi mezani kachoka. Akampigia simu Nasreen palepale, na kwa sababu Kariakoo haisikilizani bila kupayuka, alipayuka.

"Daktari kasema ataniwekea kipandikizi! Ee! Kasema viwili kabisa. Kasema mwili bado unafaa, ila nishushe sukari kwanza. Usimwambie mtu!"

Meza ya pili anakaa Chiku, muuza udi na marashi, mwanamke mwema mwenye masikio mazuri. Nikukumbushe, kama umesahau, kipandikizi mjini hapa ni kitu gani. Wanawake wote wanakijua kutoka kliniki ya uzazi wa mpango: ni kile kijiti kinachowekwa mkononi ili mtu asishike mimba. Kipandikizi kingine Chiku hajapata kukisikia. Bi Mwanamkuu ana miaka hamsini na tisa, mjane wa mwaka wa nane. Viwili kabisa! Chiku akaweka chini chupa ya marashi, akasema astaghfirullahi, kisha akaenda kutafuta mtu wa kumwambia.

Mpaka alasiri mtaa ulishamtaja na mwanamume. Alikuwa mzee Abdulswamad, muuza kahawa, mgane, mtu wa watu, ambaye kosa lake lilikuwa kumpa Bi Mwanamkuu kashata bila kumdai. Masikini, hata hakujua kwamba mwenzake hana meno ya kuitafunia. Watu wakaanza kumpa mkono. "Hongera, mzee. Mambo kimyakimya, eh?" Naye, kwa kuwa ni mstaarabu, akawa anashukuru.

Asubuhi ya pili Chiku akanunua kanga. Bi Mwanamkuu mwenyewe ndiye aliyemchagulia, akamsomea na midomo yake nusu: "UZEE SI KUFUNGA DUKA." Akaikata, akaipinda, akamsifu kwa chaguo zuri. Chiku akaifunga kiunoni hapohapo, akapita mbele ya meza mara tatu akigeuka geuka. Mwenzake akaona ni biashara nzuri.

Saa sita Chiku akashindwa kuvumilia, akavuta kiti. "Shoga yangu. Mkono hauumi?"

"Mkono gani?"

"Si huo... watakapokuwekea kile kitu. Wengine huwaletea kichefuchefu."

Bi Mwanamkuu akamtazama. Akaitazama kanga kiunoni. Akageuka akamtazama Abdulswamad kule pembeni akipokea hongera ya muuza mikoba. Kila kitu kikajipanga kichwani mwake, pole pole, kama doti inavyokunjuliwa. Angeweza kumwambia pale pale. Lakini mtu kauza habari zako mtaa mzima, nawe usipate hata chenji?

"Kipandikizi kimechelewa," akasema kwa huzuni. "Daktari kapiga picha. Mapacha."

Chiku akakaa vibaya, kiti kikamtupa. Ndipo Bi Mwanamkuu akafungua mdomo, akavua meno yake ya bandia, akaonyesha pengo kwa kidole. "Hapa mmoja na hapa mmoja. Skrubu ya jino, we mwanamke! Kipandikizi cha jino!"

Walicheka mpaka machozi yakawatoka, Chiku akiwa bado chini. Katikati ya kicheko Bi Mwanamkuu akakumbuka kuwa kinywa kiko wazi, akakifunika haraka kwa kanga, na Chiku akaliona hilo. Hakulisema. Lakini akalishika.

Sukari haikushuka kwa wiki, haikushuka kwa mwezi. Bi Mwanamkuu aliacha vijiko vinne, akaaga vitumbua kama anayeaga ndugu uwanja wa ndege, akawa anatembea kwa miguu kutoka Ilala mpaka mezani kila asubuhi akinung'unika. Ilimchukua mpaka mwezi wa tano kupata karatasi ya kumridhisha Nirali.

Siku yenyewe aliiogopa kuliko siku ya kujifungua. Akachomwa ganzi, akafumba macho, akaanza kusoma kila sura aliyoijua. Akasikia kusukumwa na mtetemo, kama fundi anatoboa ukuta wa nyumba ya pili. Maumivu akayangoja, akayangoja, mpaka Nirali akamwambia, "Tumemaliza, mama."

"Muongo."

Jioni ganzi ilipotoka ndipo akajua kuwa woga wake haukuwa wa bure. Siku tatu mdomo wa juu ulivimba, akawa na sura ya mtu aliyenuna. Akanywa dawa zake, akaweka barafu, akala mtori wa vuguvugu na ndizi zilizopondwa, akasukutua kwa maji ya chumvi alivyoagizwa. Siku ya nne akarudi mezani. Chiku akampokea kwa sauti: "Mapacha hawajambo?"

"Wamelala," akajibu. "Usiniamshie watoto."

Lakini hesabu ya miezi kila mtu aliijua. Tano, sita, saba: mapema mno. Alimbembeleza Nirali, akamtajia mpaka lile jino la utoto na barafu ya ukwaju, na Nirali akatikisa kichwa. Alimlegezea yale ya bandia yasigandamize kidonda, ayavae kwa sura tu. "Kucheka kidogo, sawa. Kigelegele, hapana, hayatakaa. Mfupa haujui kadi ya mwaliko, mama. Mwezi wa tisa." Na kuisogeza harusi haikuwezekana. Watu wa Tanga walishakodi basi, na nani angekwenda kuwatangazia kwamba wasubiri meno ya mama mkwe?

Nikutoe wasiwasi mapema: mwezi wa tisa meno yalifungwa, yakakaa imara, leo anatafuna mahindi ya kuchoma na mkasi hauachi mkononi. Lakini habari yetu haiko huko. Iko mwezi wa saba, uani Ilala, chini ya turubai.

Sare ya harusi ilikuwa kanga, kama kawaida, na maneno aliyachagua Bi Mwanamkuu mwenyewe, maneno ya shukrani, yenye heshima zake. Umakant akapeleka oda kiwandani. Mizigo ilipofika, Hemlata akasema mama wa bi harusi hahangaiki na mafurushi, akagawa mwenyewe. Bi Mwanamkuu alivaa gauni aliloshonewa, akayavaa meno yake ya sura, akaenda kukaa nyuma kabisa, karibu na masufuria, ncha ya mtandio mdomoni. Kina mama mia na zaidi wamekaa mbele yake, na maneno ya kanga, kama ujuavyo, ukikaa unayakalia.

Saa ya kumtoa bi harusi ikafika. Kina mama wakasimama, wakaugeukia mlango. Ngoma ikanyamaza. Mtu angepaswa kuanza, na hakuna aliyeanza. Hakuna aliyetaka kuchukua cha mwenyewe. Ndani, Nasreen kasimama nyuma ya pazia, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, na somo wake, mwanamke aliyemfunda, anamsihi atoke.

Bi Mwanamkuu alitamani ardhi impasukie. Hakuweza kuutazama mlango, akatazama palipokuwa mbele yake, na mbele yake palikuwa na safu za viuno vya Ilala na Kariakoo, Chiku, Hemlata, Nirali aliyefunga kanga juu ya suruali, na kwenye kila kiuno maneno mamoja. Akayasoma, kwa sababu ni kazi yake. Hayakuwa yale aliyoyaagiza.

PENGO LAKO MAMA NDILO PAMBO LETU.

Akayasoma tena safu ya pili. Akayasoma ya tatu, kama yangebadilika. Nasreen huyo! Na Hemlata huyo, na uso wake wa kaunta! Macho yakamjaa, akataka kukasirika, hasira ikakataa kuja. Akapita katikati ya kina mama mpaka mbele, akasimama kando ya Chiku, akavua meno akayatia kwenye kiganja cha Chiku.

"Nishikie," akasema.

Akautupa mtandio mabegani, akavuta pumzi, akafungua kinywa na pengo lake lote.

Hakikuwa kile cha zamani, nisikudanganye. Upepo ulipita penye pengo ukatoa mluzi, kigelegele na filimbi kwa pamoja, kitu ambacho Ilala haijapata kukisikia tangu iitwe Ilala. Kina mama wakapokea. Chiku akainua mikono apige makofi, akakumbuka alichoshika, akaishia kurukaruka na ngumi moja juu.

Nyuma ya pazia Nasreen akamkatiza somo wake. "Nyamaza kwanza. Huyo mama."

Akavaa kiatu cha pili, akatoka.